Kamati ya harusi ilituchagulia hifadhi ya kwenda honeymoon, na mimi nikaafiki

Wakuu wa jukwaa hili, mlionizidi umri shikamooni, mliobaki nimeshaitikia kabla hamjaniamkia.

Jana kuna kijana kafungua uzi humu, anauliza: "Nina mchumba, tunataka kwenda kuona wanyama, tuanze na hifadhi ipi?" Majibu yamejaa kurasa tatu. Kila mtu bingwa. Huyu Serengeti, yule Manyara, mwingine anamshauri apande basi la Iringa tu, linapita katikati ya Mikumi, twiga utawaona bure kupitia dirishani. Mwanaume kweli huyo, mchumba wake anafaidi.

Wote mmetaja majina ya hifadhi. Hakuna aliyemuuliza kijana anakwenda mwezi gani, na huyo mchumba mwenyewe amesema anataka wapi.

Mimi jambo hili nimelikosea kitaalamu, kwa vikao na muhtasari. Nawasimulia lilivyokuwa, na chumvi nimeiacha jikoni. Ndugu zangu wamo humu, nikipindisha kitu wataniumbua. Kazi hiyo wanaipenda.

Ni mwanzoni mwa miaka ya tisini, Dodoma, enzi za ruksa. Kwa mliozaliwa juzi: tulitoka kwenye foleni ya sabuni, tukaingia wakati ambao kila mtu ana kampuni. Ukiwa na muhuri na kitabu cha risiti, wewe ni mkurugenzi. Mashirika ya umma yanafungwa, vitu vyao vinapigwa mnada, mtu anakwenda mnadani kutafuta kiti anarudi na mashine ya kusaga.

Mjomba wangu Hamisi, Mrangi wa Kondoa, kaka yake mama, alirudi na Land Rover. Akaipaka rangi ya kijani, ubavuni akaandikisha HAMISI SAFARIS, na chini yake akachorwa tembo. Fundi aliyechora nadhani hakuwahi kuona tembo, maana yule alikuwa na kwato.

Watalii hawakuwepo. Dodoma ya wakati ule ukimwona mtalii ujue kapotea njia. Lakini kampuni ilikuwepo na mkurugenzi alikuwepo.

Mniwie radhi, mjomba nimemwanza vibaya. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Mjomba Hamisi ndiye aliyenilea, akanisomesha, akanitafutia ukarani wa masjala serikalini. Kwake sikuwahi kusema hapana. Sikuwa hata na mazoezi ya neno lenyewe.

Sasa Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anafundisha jiografia. Kwao Makutupora, mama yake mjane mwenye shamba la zabibu. Nilipomweleza nia yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ana sharti moja.

"Miaka sita nawafundisha watoto hifadhi za taifa kwa ramani ya ukutani," akaniambia. "Najua mito yake, najua wanyama wanahama lini, sijawahi kuona hata nyani. Ukinioa utanipeleka. Na pa kwenda nitachagua mimi."

Nikamwambia, "Utachagua wewe."

Jinsi nilivyolisema, wakuu, ungedhani ninazo hifadhi zangu mwenyewe.

Naye alishachagua. Ruaha, mwezi wa tisa. Akanieleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake: masika maji yako kila mahali, wanyama wanatawanyika, majani marefu, barabara mbovu. Kiangazi maji yanabaki mtoni tu, kwa hiyo kila mnyama lazima aje mtoni. Wewe unakaa, wao wanakuja. Akasema hata Tarangire ni hivyo hivyo, usiende mvua zikiwa zinanyesha. Ndoa ilikuwa iwe baada ya Idd, na mwaka ule Idd iliangukia katikati ya mvua. Kwa hiyo akapanga: tuoane, tukae kwetu Area D kwenye chumba changu, safari ije mwezi wa tisa.

Aliniandikia yote hayo kwenye karatasi ili nisisahau. Alikuwa ameanza kunifahamu.

Kumbe nimesahau kitu kimoja. Harusi ya Mtanzania si mali ya wanaooana, ni mali ya kamati.

Kamati yetu ilikuwa na wajumbe kumi na wawili, mwenyekiti Mjomba Hamisi. Aliendesha vikao kama yuko kwenye ukumbi wa Chimwaga na taifa zima linamsikiliza. Tulijadili pilau kwa saa mbili. Tulijadili rangi ya vitambaa vya meza mpaka wajumbe wawili wakanuniana. Ajenda ya mwisho ikawa "Fungate ya maharusi, kuchagua hifadhi", kwa sababu honeymoon mbugani ndiyo ilikuwa fashion mpya na mwenyekiti ana Land Rover.

Mweka hazina, Mhehe niliyefanya naye kazi ofisini, akapendekeza Ruaha. Moyo wangu ukaruka. Sababu yake: tukipita Iringa angeomba aachwe kwa mama yake siku mbili. Katibu, kwao Kilosa, akasema Mikumi. Mchaga mmoja akasema twende Kilimanjaro, eti mlima nao ni hifadhi, na pale Moshi kuna mzigo wake. Ukiyachora mapendekezo yao kwenye ramani unapata ramani ya kwao walikozaliwa.

Mnyama hakutajwa na mtu.

Mwenyekiti akasubiri wamalize, akakohoa. "Tarangire. Njia inapita Kondoa, bibi harusi atatambulishwa kwa ukoo, na gari ni langu."

Kondoa mjomba alikuwa anajenga, na mabati yake yalikuwa bado Dodoma. Hilo halikuingia kwenye muhtasari.

Nikajikaza. Nikasema, "Mjomba, sisi tulifikiria labda mwezi wa tisa..."

"Fungate ni siku saba baada ya ndoa," akanikata. "Tangu lini mtu akaoa mwezi wa nne akala fungate mwezi wa tisa? Huyo mke au mtoto anayesubiri shule zifunguliwe?"

Wajumbe wakacheka. Karatasi ya Mwanaidi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, naigusa kwa vidole. Mjomba akaniuliza rasmi mbele ya kikao: bwana harusi una la kuongeza?

"Sina, mwenyekiti."

Nimeandika uzi mrefu ili nifike kwenye maneno hayo mawili. Hapo ndipo nilipokosea, yaliyofuata yote ni matokeo.

Muhtasari ulichapwa, nakala zikagawiwa, moja ikafika Makutupora. Mwanaidi akaja kuniona jioni yake. Akanisomea kwa sauti ya darasani: "Bwana harusi aliafiki." Akaniuliza ni kweli.

Nikamwambia nitamweleza mjomba, nipe muda kidogo. Akasema sawa. Sikumweleza mjomba kitu, ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa, na vitambaa vya meza vilipendeza.

Jumatatu tukaondoka.

Mnajua honeymoon ni watu wawili. Yetu ilikuwa na watu watano. Mjomba anaendesha. Pembeni yake mke wake, kwa kuwa huwezi kwenda Kondoa ukamwacha. Nyuma mimi, Mwanaidi, na Bi Tatu, somo wake Mwanaidi, mama mtu mzima aliyemfunda, ambaye kwa desturi yetu hukaa na bibi harusi fungate nzima. Bi Tatu alikaa katikati yetu. Si kwa ubaya, miguu yake ilikuwa inavimba na pale katikati ndipo penye nafasi. Juu ya gari, mabati.

Safari nzima yalikuwa yanagongana. Kama kulikuwa na mnyama kati ya Dodoma na Kondoa alitusikia mapema akaenda kuishi kwingine.

Kondoa tulikaa siku tatu. Nawapenda Warangi, ndugu zangu, ila kwao bibi harusi hapiti mlango bila kula. Nyumba ya kwanza wali kuku. Ya pili wali kuku. Ya tatu wakatuonea huruma, wakatupa wali na mbuzi. Siku ya pili mjomba alikuwa juu ya paa lake na mafundi, sisi tunamsubiri chini kwenye mkeka. Mwanaidi alivaa khanga alizopewa, akasalimia kila mzee, akala kila sahani. Hakulalamika hata mara moja. Kila nikimtazama ananijibu kwa adabu kabisa, "Ndiyo, mume wangu." Mwenye ndoa humu anajua hiyo ni hali ya hatari.

Siku ya nne tukakwama kwenye matope ya Bereko. Hatukutoka mpaka siku ya tano, kwa hisani ya ng'ombe wanane na vijana wao. Hao ng'ombe ndio wanyama tuliowaona kwa karibu kuliko wote. Siku hiyo hiyo tukafika Babati.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, tukaingia Tarangire.

Niseme wazi, hifadhi haina kosa hata kidogo. Ni nzuri mno. Ilikuwa ya kijani mpaka macho yanauma, mibuyu, ndege wa kila rangi. Kosa ni sisi kwenda kumtembelea mtu siku ambayo ametoka.

Majani yalimfika mtu kifuani. Tulizunguka saa tano. Tuliona swala. Tuliona makalio ya twiga mmoja akiondoka. Tuliona mbung'o, hao walikuwepo wote, tena waliingia ndani ya gari wakatung'ata mpaka juu ya nguo. Mjomba akawa anasimamisha gari kila mara, "Tembo yule!" Kichuguu. "Simba yule!" Jiwe. Bi Tatu akamwambia mjomba taratibu, "Baba, mimi nilikwambia macho yako yapimwe."

Tukamkuta askari wa hifadhi, kijana mpole. Mjomba akamuuliza kwa ukali tembo wako wapi, kama vile alimwachia vitu vyake, naye akaviuza. Askari akamwamkia, kisha akasema, "Mzee, mvua hizi wengi wameshatoka, wako huko nje nyikani. Wakati wao ni kiangazi, wanafuata mto. Mngekuja mwezi wa tisa."

Mwezi wa tisa. Neno kwa neno.

Nilitamani Mwanaidi aseme "si niliwaambia". Ningeomba radhi, tungegombana, yangeisha. Alikuwa ametazama nje dirishani, machozi yanamtoka bila sauti, anayafuta kwa ncha ya mtandio. Bi Tatu akamshika mkono. Mimi nilikuwa upande wa pili wa Bi Tatu. Nilijiona sina maana, wakuu, na siyo mzaha huu.

Pale getini kulikuwa na fuvu la tembo limewekwa kwa maonyesho. Mjomba akasema tusirudi mikono mitupu, akatoa kamera, alikuwa anataka picha ya maharusi na tembo kwa ajili ya tangazo la kampuni. Akatupanga. Mwanaidi akasema, "Samahani mjomba, mimi sipigi." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia mtu akimkatalia mjomba, na mbingu hazikuanguka. Nikapigwa picha peke yangu na fuvu. Ninayo mpaka leo. Kati yetu wawili fuvu ndilo lililotoka na uso wenye uhai.

Siku ya saba tunarudi. Njia ya Kondoa kuingia Dodoma inapita Makutupora. Tulipokaribia, Mwanaidi akasema, "Mjomba, naomba usimame hapa."

Mjomba akadhani anataka kumsalimia mama yake. Mwanaidi akashuka na begi lake. Akamshukuru mjomba kwa safari, akamshukuru mke wa mjomba, akambusu mkono Bi Tatu. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Sikukuomba tembo," akasema. "Nilikuomba useme neno moja mbele ya watu, ukaona aibu. Sasa mimi nitaishi na wewe au na kamati?"

Akaenda. Gari likaondoka, na mimi nimo ndani yake. Hata hapo sikushuka.

Nadhani mnategemea nilijifunza siku hiyo. Hapana. Mwenyekiti aliitisha kikao.

Nawaapia. Kamati ile ile, jina jipya, Kamati ya Usuluhishi. Wajumbe wale wale, na soda wakanywa. Kwa mila, mke akirudi kwao hufuatwa na wazee, mume hatangulii. Basi wakaenda sita na Land Rover, mimi nyuma nimekaa kimya kama mzigo. Mama mkwe akatukaribisha vizuri, akatupa maji na zabibu, akamsikiliza mjomba akihutubia. Mwisho akasema, "Nimewasikia, baba zangu. Mtoto yuko shambani, kazi ni nyingi." Tukala zabibu tukarudi. Mjomba akaandika "mazungumzo yanaendelea vizuri".

Wiki tatu zikapita. Mwanaidi anafundisha, akitoka shule anarudi kwa miguu kwa mama yake. Mimi Area D na vitambaa vya meza vya harusi ambavyo hakuna aliyejua virudishwe kwa nani.

Jumamosi moja nikaazima baiskeli. Sikumuaga mtu.

Nilimkuta mama mkwe uani. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akachungulia nyuma yangu njiani, kushoto, kulia. "Wazee wako wapi?"

Nikamwambia nimekuja peke yangu. Akanitazama kama niliyekuja bila viatu. Mume kumfuata mke bila mshenga wala mzee ni kukosa adabu, na mimi nilijua hivyo. Akasita. Kisha akanionyesha shamba kwa kidole, akaingia ndani akafunga mlango ili asije akaulizwa kama aliniona.

Msimu wa kuvuna ulikuwa unaishia. Mwanaidi alikuwa na mkasi anakata vichala na kuviweka kwenye kreti, kichwani kajifunga khanga. Hakuacha kazi.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

"Mjomba anajua uko hapa?"

"Hajui."

Akakata kichala kingine. Nikamwambia yote, wakuu, nikiwa nimesimama kwenye jua. Kwamba karatasi yake ilikuwa mfukoni siku ile. Kwamba sikusahau wala sikuzidiwa kura, niliogopa. Kwamba nilimwona analia nikakaa kimya kwa kumwonea haya mtu mwingine. Nikamwomba msamaha, na sikuongeza "lakini".

Halafu akanipa mkasi. "Mstari ule bado," akasema. "Usikate na majani."

Nilikata mpaka alasiri, na Jumapili nikarudi nikakata. Zabibu zilipoisha alirudi Area D, hakusindikizwa na mtu.

Mwezi wa tisa ukafika. Tumepanga Ruaha, tiketi za basi la Iringa mkononi, huko mwalimu mwenzake amemtafutia gari la kuingilia mbugani. Siku ya safari, alfajiri, nasikia honi nje.

Land Rover ya kijani. Mjomba ndani, kofia ya safari kichwani, injini inanguruma, kamera shingoni. Nyuma kamchukua mweka hazina, anakwenda kumwona mama yake. Juu kuna magodoro mawili, sikuuliza ya nani.

"Pandeni," akasema. "Basi la nini na gari lipo?"

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na begi. Hakunitazama hata, alikuwa anatazama chini, ameshika mkanda wa begi kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anayesubiri kusomewa matokeo.

Yule ni mtu aliyeninunulia kiatu changu cha kwanza cha shule.

"Shikamoo mjomba. Asante sana. Lakini hapana, tunakwenda sisi wawili."

Hakuelewa. Nikalazimika kulirudia, na mara ya pili ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Uso wake ukabadilika, akazima injini, akaiwasha tena, akaondoka bila kuniitikia. Hakuja kwangu mpaka tulipopata mtoto wa kwanza. Iliniuma, na ingenilazimu kulirudia leo ningelirudia.

Nikageuka. Mwanaidi alikuwa analia, akanipa begi lake nilibebe.

Ruaha tulikaa siku tatu. Siku ya pili tulisimama juu ya mto kuanzia asubuhi, maji yamebaki kamstari, na tembo wakaja, kundi baada ya kundi, watoto katikati. Dereva aliniuliza mimi, mwanaume, sasa twende upande gani. Nikamwambia amuulize mwalimu.

Basi kijana uliyeuliza jana, ushauri wangu ni mfupi. Chagua mwezi kwanza, hifadhi itafuata. Na ukishamwambia mwenzio "utachagua wewe", jiandae kumkatalia mtu unayemheshimu kuliko wote, kwa sababu huyo ndiye atakayekuja na gari.

Wengine mliooa mje mseme: ninyi mlikwenda wapi, na nani alichagua? Wenyeviti wa kamati mnakaribishwa pia kunitukana, ila mmoja mmoja, msije kama ujumbe.